Mgeni Asiachwe Mtaroni

Kuwaleta watu klabu kwa siku moja si kazi ngumu. Funga turubai, choma nyama, waambie wanachama kila mmoja aje na rafiki, na kufikia saa tisa alasiri uwanja utakuwa umejaa watu wanaocheka na kubingirisha matufe kila upande. Kazi iko Jumamosi ya tano. Siku hiyo turubai limeshakunjwa, nyama haipo, na wale wawili watatu waliorudi wamesimama kando ya uwanja, mikono mfukoni, wakingoja mtu awaambie wacheze na nani.

Waulize wanachama wa zamani kwa nini wengine wametoweka, nao watakujibu bila kufikiri: vijana hawana subira, watu wa mjini wana shughuli nyingi, bolingi ya nyasini ni mchezo wa wazee. Mimi siyakubali majibu hayo. Mchezo wenyewe hunasa watu haraka. Mtu akishaliona tufe lake likienda pembeni kama lililopotea, kisha likageuka lenyewe na kurudi kuelekea jeki, lile tufe dogo linalolengwa, atataka kulitupa tena. Uzee nao si kasoro: katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham, mwaka 2022, Mskoti George Miller alitwaa dhahabu ya bolingi akiwa na miaka 75, akimwongoza mwenzake mwenye uoni hafifu. Kinachowaondoa watu ni kukaa klabu mwezi mzima bila kuwa mgeni wa mtu yeyote.

Nauandika mwongozo huu nikiziwazia klabu zetu za Kenya, za Nairobi, Limuru, Thika na Mombasa, ambako mchezo huu uliletwa na Waingereza na ungali unachezwa. Neno langu kubwa ni moja: kila anayeingia apewe mwenyeji wake, mtu mmoja anayejulikana kwa jina, na mwenyeji huyo asiwe mwalimu wake.

Mwenyeji si mwalimu

Klabu nyingi humkabidhi mgeni kwa mchezaji hodari kuliko wote, zikidhani zimempa heshima. Huyo hodari ana mashindano yake ya kujiandalia. Ukimuuliza swali dogo anakupa somo refu, na amekwisha kusahau ni mambo gani yaliyomchanganya alipoanza. Tena kuna suala la haya. Mtu akisahihishwa na mwenzake kwa saa nzima, hawezi kumgeukia huyohuyo na kumuuliza kama ni lazima anunue viatu vyeupe mwezi huu, maana mshahara haujaingia. Maswali ya namna hiyo ndiyo yanayoamua kama atarudi, nayo yanataka sikio la mtu ambaye hajasimama kumkosoa.

Mwenyeji afaaye ni mwanachama wa miaka miwili mitatu, ambaye bado anakumbuka ugeni wake. Akiwa anakaa upande mmoja wa mji na mgeni, afadhali zaidi, kwa sababu wanaweza kuja kwa gari moja au kushuka kituo kimoja cha matatu. Si lazima wawe wa rika moja. Lakini awe mtu wa kutimiza ahadi: akisema atakuwa langoni saa nane na nusu, awe langoni saa nane na nusu. Mwenyeji anayechelewa ni hasara kuliko kutokuwa na mwenyeji, kwani mgeni atasimama na askari wa lango akijieleza yeye ni nani na amekuja kwa nani.

Hapo langoni pana historia ambayo hatuna budi kuikumbuka. Klabu kongwe za nchi hii ziliundwa na walowezi kwa ajili ya walowezi, na kwa miaka mingi Mwafrika aliingia humo akiwa amebeba trei au reki. Mwasia naye alikataliwa, akajenga klabu zake. Uhuru ulikuja mwaka 1963 na milango ikafunguka, lakini yako mengi yaliyosalia: kitabu cha kusaini, mdhamini wa kwanza na wa pili, jina kubandikwa ubaoni ili wanachama walitazame, sheria za mavazi, picha za wenyeviti wa zamani ukutani. Aliyezoea hupita mbele ya vitu hivyo bila kuviona. Mgeni huviona vyote kwa mara moja, na moyoni anajiuliza kama mahali hapa ni pake. Mwenyeji asimhutubie kuhusu historia hiyo. Amtembeze tu: hapa ndipo tunapobadilishia nguo, msalani ni kule, chai inaagizwa dirisha lile, kiti kile cha pembeni si cha mtu ingawa kila mtu atakwambia ni cha mzee fulani.

Kuhusu malipo, amweleze mapema na waziwazi. Katika klabu za aina hii mara nyingi baa haipokei pesa taslimu kutoka kwa mgeni. Mwanachama ndiye anayesaini. Mtu asiyeambiwa atatoa noti yake kaunta, irudishwe mbele ya watu, na aibu hiyo ataondoka nayo. Aambiwe pia ada ya kujiunga ni kiasi gani, ada ya mwaka ni kiasi gani, inalipwa kwa mafungu au kwa mkupuo, na kuna michango gani mingine. Nimesikia wanachama wakisema si adabu kutaja pesa siku ya kwanza. Lisilo la adabu ni kumwacha mtu aizoee klabu miezi miwili ndipo aoneshwe hesabu asiyoiweza.

Mwenyeji ndiye anayemtambulisha mgeni kwa wengine, na hapa kuna kosa la kawaida: kumtambulisha kwa cheo. "Huyu ni mkurugenzi wa benki" huwafanya nusu ya watu wakae mkao wa kuomba kazi na nusu nyingine wakae kimya. Sema jina lake, mahali anapokaa na mchezo aliowahi kuucheza. "Huyu ni Achieng, anakaa Ngong, alikuwa kipa wa hoki shuleni." Hapo watu wana pa kuanzia. Wengi huja kwenye bolingi wakitoka michezo mingine, na jambo hilo si geni: W. G. Grace, gwiji wa kriketi wa Uingereza, ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa chama cha bolingi cha England kilichoanzishwa mwaka 1903.

Na mwanamke akija na mumewe ambaye tayari ni mwanachama, apewe mwenyeji wake na tufe lake. Asipelekwe jikoni kupanga vikombe.

Somo la kwanza lisizidi dakika arobaini

Sasa zamu ya mwalimu. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu somo la kwanza huharibiwa kwa maneno mengi.

Anza na miguu. Viatu viwe vya soli bapa, visivyo na kisigino, ili visichimbe nyasi. Mgeni akija na viatu visivyofaa, mwazime vya klabu, au mruhusu acheze na soksi. Huko Australia klabu nyingi zimejaza watu kwa kuwaalika wacheze pekupeku jioni za wiki, wala nyasi hazikuharibika. Nguo nyeupe zingoje.

Kisha tufe. Matufe yana saizi, kuanzia 00, 0, 1 hadi 5, kipenyo chake kikiwa kati ya milimita 112 na 134 hivi, na kubwa huweza kufika kilo moja na nusu. Usimchagulie mgeni kwa kumtazama mwili. Mwambie alizungushie tufe mikono miwili katikati, dole gumba likutane na dole gumba, kidole cha kati na kidole cha kati. Vikikutana bila kujikaza, saizi ni hiyo. Visipokutana, teremka. Wanaume wengi hung'ang'ania kubwa kwa sababu ya fahari. Mwache achukue kubwa, atupe mara nne, kisha mpe dogo bila kusema neno. Na usimruhusu anunue matufe yake katika miezi ya mwanzo, hata akiwa na uwezo. Atanunua saizi isiyo yake.

Mwoneshe alama za ubavuni. Tufe lina alama kubwa upande mmoja na ndogo upande wa pili, na litapinda kuelekea upande wa alama ndogo. Kwa hiyo alama ndogo hutazama ndani, upande iliko jeki. Wageni wengi hudhani ndani mmefichwa kipande cha chuma kizito. Zamani yalikuwapo matufe yaliyotiwa risasi upande mmoja, lakini haya ya leo hupinda kwa sababu ya umbo lake: ubavu mmoja umechongwa tofauti na mwingine. Maelezo hayo yanatosha. Usiingie kwenye fizikia.

Halafu mpeleke kwenye mkeka, ule wa mpira wenye upana wa sentimita 36 na urefu wa sentimita 60, na uiondoe jeki uwanjani. Ndiyo, iondoe. Jeki ikiwapo, jicho la mgeni litaifuata, mkono utafuata jicho, na tufe litatupwa moja kwa moja kwenye jeki, kisha lipinde na kupotelea rinki ya jirani, yaani njia wanayochezea wengine. Bila jeki hana cha kukosa. Mwambie asimame mguu mmoja ukiwa juu ya mkeka, apige hatua ndogo, apinde goti, alishushe tufe chini kama anayelaza kitu kisichopaswa kutoa sauti. Tufe likidondoka kwa kishindo huutia uwanja shimo, na mtunza uwanja atakuwa anatazama. Abingirishe manne kwenda popote. Mtembee pamoja hadi mwisho, mkayaangalie yalivyosimama. Atagundua mwenyewe kwamba yamepinda zaidi mwishoni, yalipopungua kasi, kuliko mwanzoni. Ugunduzi huo ukitoka kwake, hatausahau.

Mara ya pili mpe cha kulenga, na kisiwe jeki. Ukingoni mwa uwanja kuna vigingi vinavyotenga rinki. Chagua kigingi kimoja upande wa kulia, mwambie lenga kile na usijali kitakachotokea. Tufe litatoka nje kuelekea kigingi na kurudi katikati. Sasa iweke jeki pale liliposimama. Mgeni ataiona jeki mahali ambapo tayari anajua kufika, na uso wake utakuonesha kwamba ameelewa. Rudia upande wa kushoto, tufe likiwa limegeuzwa. Kwa siku hiyo umbali wa mita 23 kutoka kwenye mkeka, ambao ndio mfupi kabisa unaoruhusiwa mchezoni, unatosha.

Kasi ya uwanja muachie mtunza uwanja aieleze. Yeye ndiye anayejua umande umekauka saa ngapi, nyasi zimekatwa lini na upande gani unakaa na maji baada ya mvua. Ataeleza pia jambo linalowashangaza wageni wote: kwenye uwanja mwepesi tufe huchukua sekunde nyingi zaidi kufika kuliko kwenye uwanja mzito, kwa sababu kwenye uwanja mzito huna budi kulitupa kwa nguvu, likafika upesi na kusimama upesi. Mgeni akishaongea na mtunza uwanja, amepata rafiki wa pili klabu, na rafiki huyo yuko pale kila siku.

Dakika arobaini zikifika, simamisha somo akiwa bado anataka kuendelea.

Mwenye maumivu ya goti au mgongo asiambiwe mchezo haumfai. Kuna fimbo ya kutupia, inayoshika tufe na kuliachia chini bila mtu kuinama, na sheria za mchezo zinaikubali. Klabu iwe nayo moja angalau.

Kumsahihisha mkubwa wako

Mara nyingi mwalimu ni kijana wa miaka ishirini na kitu na mwanafunzi ni mstaafu wa miaka sitini na kitu. Hili halina jibu katika vitabu vya ukocha vya Uingereza, kwa sababu wao huitana kwa majina tu. Sisi hatuwezi. Aliyekuwa mwalimu mkuu miaka thelathini hawezi kuitwa "Joseph" na mtoto wa rika la wajukuu wake, ati kwa kuwa ndiyo desturi ya klabu. Njia rahisi ni kuuliza: "Mzee, tukuite nani hapa uwanjani?" Wapo watakaosema jina la kwanza linatosha, na wapo watakaosema Baba Wairimu. Lolote watakalosema, litumike. Kwa Mombasa, kijana asiyetanguliza shikamoo ameliharibu somo kabla halijaanza, hata awe bingwa wa pwani nzima.

Kusahihisha kwenyewe kufanyike kwa kutembea. Baada ya matufe yote kutupwa, wachezaji huvuka uwanja kwenda upande wa pili, na hapo mnakuwa wawili bila wasikilizaji. Jambo moja kwa kila mvuko, basi. "Mzee, mkono umeachia tufe mapema kidogo." Asipokuuliza zaidi, nyamaza. Mbele ya watu sema mazuri tu, tena yawe ya kweli, kwa sababu mtu mzima anajua sifa ya bure inavyosikika.

Liko kosa moja ambalo kila mchezaji duniani amelifanya: kulishika tufe kinyume, alama kubwa ndani, likapinda upande usiotakiwa na kuingia rinki ya watu wengine. Wanaocheza huko watalisimamisha kwa mguu na kulirudisha. Kwenye uwanja uliojaa, kicheko huanza hapo. Wachezaji waliozoeana hucheka na kusahau. Mgeni wa wiki ya pili hasahau. Nahodha wa klabu atoe agizo kabisa, kwamba tufe la mgeni likienda kinyume, aliye karibu alirudishe mkononi, aseme "mchezo unaendelea," na yaishe. Kibandiko kidogo cha rangi upande wa ndani wa matufe ya kufundishia hupunguza kosa hilo sana, wala hakigharimu kitu.

Mpe nafasi ya kweli

Waswahili walisema mgeni umkirimu siku mbili, siku ya tatu umpe jembe. Kwenye bolingi jembe hilo ni mkeka na jeki. Mgeni aliyekwisha kupata masomo matatu manne awekwe kwenye mchezo wa kweli, wenye alama zinazoandikwa, hata kama mkono wake bado haujatulia. Asiachwe mazoezini miezi mitatu akitazama wenzake wakicheza.

Aanzie wapi? Napendekeza mchezo wa watatu watatu, akiwa namba moja. Kwenye timu ya wanne kila mchezaji hutupa matufe mawili tu katika raundi, na mgeni hutumia muda mwingi akiwa amesimama. Kwenye watatu anapata matatu: la kwanza linamwonesha kosa, la pili linarekebisha, la tatu linampa matumaini. Namba moja ndiye anayetandika mkeka na kuibingirisha jeki, hivyo ana kazi yake maalumu ambayo timu inamtegemea aifanye. Pia hutupa mapema, kundi la matufe likiwa bado halijasongamana karibu na jeki. Zipo klabu zinazomficha mgeni katikati ya timu ya wanne, namba mbili, ili asiharibu mchezo. Wazo lao nalielewa, ila hapo katikati ndipo mtu hucheza alasiri nzima bila kujua alifanya nini.

Michezo ya mmoja kwa mmoja, ya kumtafuta wa kwanza kufikisha alama 21, asiiingie mapema kama mchezaji. Mpe kazi ya kuwa msimamizi wa alama akiandamana na mzoefu. Atayaona matufe kwa karibu, atajifunza lipi liko karibu na jeki kwa tofauti ya upana wa kidole, atashika kipimo na chaki. Tufe lililoigusa jeki katika safari yake hutiwa chaki, na likibaki na alama hiyo huhesabiwa hata likitumbukia katika mtaro ulio ukingoni mwa uwanja. Mgeni akishatia chaki tufe la bingwa wa klabu kwa mkono wake mwenyewe, hiyo sheria haitamtoka.

Uwanjani sauti iwe moja. Nahodha wa timu husimama upande wa jeki akitoa ishara kwa mikono, na wakati mwingine anapaza sauti: "Ongeza mita moja!" Mgeni aelezwe mapema kwamba hizo ni taarifa na hagombezwi, la sivyo atafikiri anakaripiwa kila tufe. Wengine wote wanyamaze. Hatari kubwa ni wenzake wa timu, pamoja na wapinzani wenye huruma, pamoja na mstaafu aliyekaa benchi na kikombe chake, kila mmoja akimpa ushauri wake: inama zaidi, usiiname sana, tazama jeki, usiitazame. Nahodha wengi, chombo huenda mrama, na mgeni ndiye anayezama nacho. Nahodha ana haki ya kusema, kwa upole na bila mzaha, "Leo ananisikiliza mimi tu."

Na usimpangie mgeni nahodha mkali, hata akiwa ndiye mwenye vikombe vyote kabatini.

Wiki za katikati

Kati ya wiki ya tatu na mwezi wa tatu ndipo watu hupotea. Upya umekwisha, ustadi haujafika. Kazi ya mwenyeji hapa ni ndogo lakini isikatike.

Siku moja baada ya mchezo wa kwanza, ampigie simu au amtumie ujumbe wake binafsi, wenye jambo moja alilolifanya vizuri na siku ya kukutana tena. Kundi la WhatsApp la klabu lingoje. Mgeni anayetumbukizwa siku ya kwanza kwenye kundi la watu themanini hukutana na malumbano ya ada ya maji, rambirambi za watu asiowajua na picha za vikombe, akanyamazisha simu, na siku tangazo lake muhimu likija halioni. Aingizwe akishawajua watu kumi kwa sura.

Asipoonekana mara mbili mfululizo, atafutwe. Si kwa kumuuliza "mbona umepotea?" kwa sauti ya madai, bali kwa kumjulia hali: mtoto anaumwa, kazi imembana, gari limeharibika. Mara nyingine atasema ukweli, kwamba kuna mtu aliyemwambia neno. Mwenyeji asikimbilie kumtetea aliyesema. Asikilize, kisha amfikishie nahodha wa klabu bila kulitangaza.

Vinywaji baada ya mchezo navyo vinataka uangalifu. Mahali ambapo kila mtu hununua raundi, mwenye kipato kidogo huhesabu vichwa mezani na kuondoka kabla zamu yake haijafika. Kisha husemwa kwamba ana maringo. Mwenyeji anaweza kuondoa tatizo hilo kwa kukaa naye meza ndogo na kusema, "Leo kila mtu na chake." Asiyekunywa pombe asifanywe gumzo, chai ya maziwa na soda ziwe mezani bila ya yeye kuziomba. Pwani, ambako jua hulazimisha watu kuanza saa kumi jioni, ratiba ipangwe ikizingatia Magharibi, na mchezaji Mwislamu aulizwe kabla hajawekwa kwenye mchezo utakaopita saa ya swala. Mwezi wa Ramadhani futari huja katikati ya kila kitu, na klabu yenye busara husogeza mechi mapema au huziweka mwisho wa wiki asubuhi.

Hapa pia ndipo wanachama wakongwe huleta hadithi ya Francis Drake, aliyesemekana kumalizia mchezo wake wa bolingi pale Plymouth mwaka 1588 huku merikebu za Wahispania zikikaribia. Hadithi tamu, ingawa wanahistoria wengi wanaitilia shaka, na mgeni ataisikia kwa watu watano tofauti. Afadhali mtu amsimulie fainali ya klabu ya miaka ile mvua iliponyesha na watu wakapima matufe kwa mwanga wa taa za gari, kama klabu yenu ina kisa cha namna hiyo. Visa vya nyumbani humwambia mgeni kwamba naye anaweza kuingia katika kimojawapo.

Mwenyeji anamwachia lini?

Wakati mgeni anapoanza kupanga michezo yake mwenyewe bila kupitia kwa mtu, kazi ya mwenyeji imekwisha, na waachane kwa wazi: "Sasa wewe si mgeni wangu tena." Wengine hufika hapo kwa miezi mitatu, wengine mwaka. Kamati isiweke tarehe moja kwa wote.

Wako watakaoondoka hata baada ya yote hayo. Wapigiwe simu na mtu asiye wa kamati, aulize sababu mara moja tu na aiandike, hata ikiwa chungu. Sababu moja ikijirudia kwa watu watatu, hiyo si tabia ya watu hao, ni tabia ya klabu, na kamati ina kazi ya kufanya.

La mwisho ni la hesabu. Mwenyeji mmoja anamudu mgeni mmoja, akijitahidi wawili. Kabla ya kamati kuchapa tangazo la kutafuta wanachama wapya, mwenyekiti apitishe karatasi mkutanoni, watu wajiandikishe kuwa wenyeji. Wakijitokeza sita, wapokewe wageni sita mwaka huo. Asipojitokeza hata mmoja, tangazo lisichapwe.